Aina za Sentensi: Tunafundisha Kiswahili au Tunatafsiri Kiingereza?

Katika toleo hili tungependa kuwaalika wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, tulitazame upya jedwali ambalo karibu kila mmoja wetu amelinakili ubaoni au daftarini: jedwali la aina za sentensi. Linafahamika vyema. Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja. Sentensi ambatano ina vishazi huru viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa kiunganishi. Sentensi changamano ina kishazi huru pamoja na kishazi tegemezi kimoja au zaidi. Jedwali hili ni fupi, linakaririka kwa urahisi, na humpatia mtahini maswali bila taabu. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba, kwa jinsi linavyofundishwa, jedwali hilo limekatwa kwa kipimo cha Kiingereza, na kwamba hasara yake haiishii katika nadharia. Inaonekana katika Kiswahili wanachokiandika wanafunzi wetu.

Chimbuko la jedwali

Wengi wetu tumelipokea jedwali hili kana kwamba limekuwapo tangu sarufi ilipoanza. Sivyo. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1795 ilitumika mno katika shule za Uingereza na Marekani, alizigawa sentensi katika makundi mawili tu: sahili na ambatano. Mgawanyo wa makundi matatu ulipata nguvu katika shule za Uingereza katikati ya karne ya 19. Miongoni mwa walioueneza ni J. D. Morell, mkaguzi wa shule, katika kitabu chake cha uchanganuzi wa sentensi cha mwaka 1852. Yeye alifuata mpango wa Mjerumani Karl Ferdinand Becker, aliyekuwa akiichanganua lugha yake ya Kijerumani. Kutoka hapo mgawanyo huo uliingia katika vitabu vya shule, vikiwemo vya J. C. Nesfield vilivyotumika sana India, na vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyolea darasa la Kiingereza katika makoloni.

Kwa hiyo, tunapoandika neno "changamano" ubaoni, tunatumia chombo kilichochongwa kwa ajili ya Kijerumani, kikanyooshwa kwa ajili ya Kiingereza, kisha kikapewa jina la Kiswahili. Kukopa si aibu, na hakuna sarufi isiyokopa. Linalotakiwa ni kukipima chombo cha kukopa kabla ya kukitumia.

Kwa nini linakifaa Kiingereza

Ni haki kwanza tueleze ubora wake. Jedwali hili linakifaa Kiingereza kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba kishazi cha Kiingereza chenye njeo hudai kiima kinachoonekana, isipokuwa katika amri na mahali pachache. Hata pale ambapo hakuna mtenda, Kiingereza hulazimika kuweka neno la kuziba pengo. Mvua inaponyesha, Kiingereza husema "it", na "it" hiyo haimtaji yeyote wala chochote. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza anayehesabu viima na vitenzi vyenye njeo anakaribia sana kuhesabu vishazi.

Ya pili ni kwamba Kiingereza huonyesha utegemezi wa kishazi hasa kwa neno linalosimama peke yake mwanzoni mwa kishazi hicho: "when", "if", "because", "that", "who". Kitenzi chenyewe kwa kawaida hakibadiliki. Ukiliondoa neno hilo, mara nyingi kishazi kilichobaki kinasimama kama sentensi kamili. Hivyo kumwambia mwanafunzi atafute kiunganishi ni ushauri mzuri.

Ya tatu ni kwamba Kiingereza hutenganisha kwa uwazi vitenzi vyenye njeo na visivyo nayo. Mapokeo ya shule yalivihesabu vile vya kwanza kuwa vishazi na vile vya pili kuwa virai. Hata hivyo, wanasarufi wa Kiingereza wenyewe hawakuridhika na mpaka huo. Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanavikubali pia vishazi visivyo na njeo. Huddleston na Pullum, katika sarufi yao ya mwaka 2002, wanaposhughulikia taarifa, swali, amri na mshangao wanazungumzia aina za vishazi badala ya aina za sentensi. Sababu iko wazi: sentensi moja ambatano inaweza kuwa na taarifa upande mmoja na swali upande wa pili. Wenye jedwali wameshalifanyia marekebisho. Sisi tuliolikopa bado tunalifundisha kama lilivyokuwa.

Mahali linapobana

Tuanze na kiima. Wanafunzi huambiwa kwamba sentensi ina kiima na kiarifu, kisha wanapewa "Tumefika" waichanganue. Wengi huandika kwamba kiima kimeachwa. Lakini hakuna kilichoachwa: nafsi imo ndani ya kitenzi, na sentensi imekamilika kwa neno moja. Kwa upande wa pili, "Jina langu Amina" ni sentensi ambayo kila Mswahili huitamka, nayo haina kitenzi hata kimoja. Mwanafunzi anayehesabu vitenzi atapata sifuri, na atalazimika kusema kwamba hapo hakuna sentensi.

Tuje kwenye kuhesabu vitenzi. "Alikuwa anasoma" ina maneno mawili, na kila moja limebeba kiambishi cha nafsi. Anayefuata hesabu ya Kiingereza ataona vitenzi viwili na kudai vishazi viwili, ilhali tendo ni moja na neno la kwanza linasaidia tu kubeba njeo. Katika "Alikuwa anasoma nilipofika" kuna maneno matatu yenye nafsi, lakini vishazi ni viwili. Kuhesabu peke yake hakutoshi. Inabidi kujua kila kitenzi kinafanya kazi gani.

Kipimo cha "kusimama peke yake" nacho kina mashaka. Tuichunguze sentensi fupi: "Mwambie aje." Kishazi cha kwanza kinasimama: "Mwambie." Cha pili nacho kinasimama: "Aje." Basi kwa mujibu wa jedwali tuna vishazi huru viwili, na sentensi ni ambatano isiyo na kiunganishi. Lakini kila msikilizaji anajua kwamba "aje" ndilo jambo lenyewe linalopaswa kuambiwa; ni sehemu ya ujumbe wa "mwambie". Tukiitafsiri sentensi hiyo kwa Kiingereza, kitenzi cha pili kinakuwa hakina njeo, na darasa la zamani la Kiingereza lingeiita sentensi sahili. Sentensi moja ya maneno mawili inaweza basi kuangukia droo zote tatu, kutegemea kipimo kilichoshikwa mkononi.

Hali ni hiyo hiyo kwa kiambishi -ka-. "Mzee aliinuka, akachukua fimbo, akatoka." Hapa pana matendo matatu yanayofuatana, na hakuna kiunganishi hata kimoja. "Akatoka" haianzishi habari. Inaegemea njeo ya kitenzi kilichotangulia. Je, ni kishazi tegemezi? Hatudhani, kwa sababu hakielezi wakati wala sababu wala sharti la kishazi kingine. Kinasogeza kisa mbele. Je, ni huru? Si kikamilifu, kwa sababu njeo yake imeazimwa. Kiswahili kina daraja hapa kati, na jedwali halina nafasi ya daraja hilo.

Kiambishi -ki- kinatuonyesha tatizo kwa namna nyingine. Katika "Ukija utanikuta" kinaleta sharti. Katika "Nilimkuta akisoma" kinaonyesha tendo lililokuwa likiendelea. Katika "Alikuwa akisoma" kimeungana na kitenzi kisaidizi kuunda kitenzi kimoja. Umbo ni moja, kazi ni tatu. Mwalimu anayesema kwamba "-ki- ni alama ya kishazi tegemezi" bila kuongeza neno amewatega wanafunzi wake.

Mwisho ni mpangilio wa maneno. "Kitabu alichonunua mwalimu kimepotea." Mwanafunzi aliyezoea kwamba kiima hukaa kushoto kwa kitenzi anaiona nomino "mwalimu" imekaa kabla ya "kimepotea" na anashawishika kuifanya kiima chake. Upatanisho wa kisarufi unamkatalia: ki- ya "kimepotea" inarudi kwa kitabu, na a- ya "alichonunua" inakwenda kwa mwalimu, ambaye amekaa baada ya kitenzi chake. Katika Kiswahili viambishi ndivyo mashahidi wa kwanza. Nafasi ya neno ni shahidi wa pili.

Hapa hatuna budi kuwatendea haki wanasarufi wetu. Katika mafunzo ya sekondari Tanzania wanafunzi hukutana na aina ya nne, yaani sentensi shurutia. Wapo wanaoilaumu kwamba inachanganya maana na muundo. Sisi tunaiona kama ushahidi kwamba watu walihisi jedwali linabana. Katika "Ungesoma ungefaulu" kila upande unauegemea mwenzake, na -nge- imerudiwa pande zote mbili. Si rahisi kuutaja upande mmoja kuwa huru na wa pili kuwa tegemezi kwa kuangalia umbo. Aina ya nne haikutatua kila kitu, lakini ilikiri kwamba tatu hazikutosha.

Hasara katika maandishi

Huenda msomaji akauliza: hayo yote yana madhara gani kwa mtoto wa kidato cha pili? Tunajibu kwamba madhara yamo katika madaftari tunayoyasahihisha kila wiki.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba utegemezi hukaa katika kiunganishi huandika "Wakati nilifika nyumbani, mama alikuwa anapika." Amelitumia neno "wakati" kama Mwingereza atumiavyo "when", na akakiacha kitenzi kitupu. Kiswahili kinasema "Nilipofika nyumbani", au "Wakati nilipofika". Kazi inafanywa na -po-. Neno "wakati" likija, linakuja kusaidia. Mwanafunzi huyu ameifuata kanuni tuliyompa. Kanuni ndiyo yenye kasoro.

Mwingine huandika "Mtu ambaye alikuja jana ndiye ambaye alileta barua." Si kosa, lakini ni uzito usio na sababu. "Mtu aliyekuja jana ndiye aliyeleta barua" inatosha. Tusije hata hivyo tukaichukia amba- kwa jumla, kama baadhi ya walimu wanavyofanya. Kirejeshi huingia ndani ya kitenzi chenye -na-, -li- na -taka-, na katika kikanushi cha -si-: anayesoma, aliyesoma, atakayesoma, asiyesoma. Hakiingii penye -me- wala katika kikanushi cha wakati uliopita. Hapo amba- ina kazi yake halali: "mwanafunzi ambaye amefaulu", "mgeni ambaye hakuja". Hili ndilo la kumfundisha mwanafunzi: ajue wakati gani amba- inahitajika na wakati gani ni mzigo.

Wa tatu, akiombwa aunde sentensi ambatano, huandika "Aliingia na alikaa." Amekiunganisha kwa "na" kama Kiingereza kinavyounganisha kwa "and". Msemaji mzoefu angesema "Aliingia akakaa" au "Aliingia na kukaa". Vitenzi viwili vyenye kiima kimoja vikifuatana, Kiswahili hupendelea -ka- au kitenzi-jina baada ya "na". Viima vikitofautiana, "na" inakaa bila taabu: "Baba analima na mama anapika." Jedwali halimwambii mwanafunzi lolote kuhusu tofauti hii.

Hasara kubwa zaidi iko katika usahihishaji. Tuseme mtahini ameagiza: "Unda sentensi changamano." Mwanafunzi anaandika "Ukimwona mwambie aje." Ni maneno matatu, vitenzi vitatu, sharti, amri na ujumbe wa amri; ni sentensi safi ambayo bibi yeyote wa pwani angeitamka. Mtahini anayesubiri "kwamba", "kwa sababu" au "ingawa" hataona kiunganishi na huenda akamnyima alama. Jirani yake aliyeandika "Nilimwambia kwamba mimi ninataka kwamba yeye aje" anapata alama zote. Hapo tumemfundisha mtoto kwamba Kiswahili kizuri hakilipi.

Pingamizi na majibu yetu

Wenzetu wanaweza kusema kwamba mwanafunzi wa Uganda anajifunza Kiingereza pia, na istilahi za pamoja zinampunguzia mzigo. Kuna ukweli hapo. Dhana za kishazi, uhuru na utegemezi zina manufaa katika lugha zote mbili, na hatupendekezi zifutwe. Tunachokataa ni kudhani kwamba dalili za dhana hizo ni zilezile. Kirai, kishazi na sentensi ni vyumba. Milango ya vyumba hivyo katika Kiingereza iko mahali pake, na katika Kiswahili iko mahali pengine.

Tena, Kiingereza si lugha pekee anayoingia nayo darasani. Mwanafunzi anayezungumza Luganda husema "omusajja eyajja", na urejeshi umo ndani ya kitenzi, kama katika "aliyekuja". Husema "ekitabo kye" anapotaja kitabu kilichotendewa jambo, na kye hiyo inakubaliana na ngeli ya kitabu, kama -cho- ya "alichonunua". Mwanafunzi huyu ana ufunguo mkononi, nasi tunamnyang'anya kwa kumpitisha kwanza Kiingereza. Kwa upande wa pili, mwenzake anayezungumza Kiacholi amezoea neno "ma" linalosimama peke yake kabla ya kishazi rejeshi. Kwake amba- itakuwa rahisi zaidi, na -ye- ya "aliyekuja" itahitaji mazoezi zaidi. Darasa moja lina njia mbili za kuingilia, na mwalimu anayezijua atafundisha vyema kuliko mwenye jedwali peke yake.

Wala hili si wazo jipya. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliandika kwa Kiingereza na kwa wasomaji wa Kiingereza, lakini alikipa -o rejeshi nafasi kubwa kwa kuwa aliona ndicho kinachobeba mengi katika lugha hii. Miaka 10 baadaye, mwaka 1954, alishirikiana na Mulira, Ndawula na Tucker kutoa sarufi ya Luganda. Aliyefanya kazi katika lugha hizo mbili alitazama kitenzi kwanza. Itakuwa ajabu ikiwa sisi, wenye lugha hizi vinywani mwetu, tutakitazama mwisho.

Pingamizi lingine ni mtihani: mwalimu atafundishaje vinginevyo ilhali mwongozo wa kusahihisha unadai kiunganishi? Hili ni pingamizi zito, na hatuwezi kumtupia mwalimu wa kijijini mzigo huu peke yake. Linatuhusu sisi wa vyuoni, tunaoandaa walimu, tunaoandika vitabu na tunaoitwa kutunga na kusahihisha mitihani.

Mapendekezo

Kwanza, somo la aina za sentensi lifuate somo la kitenzi, lisilitangulie. Mwanafunzi asiyejua kazi za -po-, -ki-, -ka-, -nge-, -sipo- na -o rejeshi hawezi kuvitambua vishazi vya Kiswahili. Atabaki kuwinda viunganishi.

Pili, swali la kwanza katika uchanganuzi liwe "Kitenzi hiki kinafanya kazi gani, na kinaegemea nini?" kabla ya "Kiunganishi kiko wapi?" Kwa swali hilo, "Mwambie aje" na "Alikuwa anasoma" zinaelezeka bila kubishana.

Tatu, taarifa, swali, amri na mshangao zifundishwe kwa dalili za Kiswahili. Kiingereza hupindua mpangilio wa maneno ili kuuliza. Kiswahili kinaweza kuacha kila neno mahali pake: "Mwalimu amefika" na "Mwalimu amefika?" zinatofautishwa na kiimbo, au "je" ikiongezwa. Somo hili basi linahitaji sikio na mdomo. Ubao hautoshi.

Nne, miongozo ya kusahihisha itamke wazi kwamba uhusiano wa vishazi unaweza kuonyeshwa kwa kiambishi, na kwamba mwanafunzi anayetetea jibu lake kwa hoja apewe alama. Palipo na ubishi miongoni mwa wanasarufi, mtoto asiadhibiwe kwa kuchagua upande.

Haya yana uzito zaidi sasa kuliko zamani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kuwa lugha rasmi, na kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi watahitajika, na wengi wao watafundisha kwa madaftari waliyonakili katika madarasa yetu. Walichokinakili kwetu ndicho watakachokiandika ubaoni kwao, na kosa moja la chuo litakuwa makosa ya shule mia.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu walioko shuleni, wakusanye sentensi za wanafunzi wao ambazo jedwali limeshindwa kuzieleza na kuzileta idarani. Mifano hai itatufaa kuliko mifano ya vitabuni iliyoteuliwa ili ikubaliane na kanuni. Tukiwa nayo ya kutosha, tutaweza kukaa pamoja na kuandika upya somo hili kwa ajili ya wanafunzi wetu, tukianzia pale lugha yenyewe inapoanzia, yaani katika kitenzi.